Mtu Mmoja, Punje Moja

Jumatatu, 21 Julai

Maonyesho ya kaunti yamefunguliwa. Jua la Iowa linachoma, nguruwe wanapiga kelele, na mimi ni mgombea! Mara ya nne.

Bwana Haupt, diwani wetu wa kaunti, amehamia Arizona kwa ajili ya magoti yake. Jumamosi wajumbe arobaini wa chama watamchagua wa kugombea kiti chake. Huku kwetu chama chetu kikimsimamisha hata ndama, Novemba ndama anaapishwa. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo uchaguzi wenyewe.

Tuko wawili, na sote pia ni wajumbe. Mimi Delmar Roelfs, mkulima, miaka hamsini na sita, mkusanya sadaka wa kanisa letu la Kilutheri. Na Arlene, dada yake mke wangu. Shemeji yangu wa damu, kama kuna kitu kama hicho! Amewapikia watoto wa shule miaka thelathini na moja, kastaafu, na badala ya kukaa afume soksi anataka kiti changu.

Verna, mke wangu, kanipa sharti nikiwa na kikombe mdomoni. Nikishindwa safari hii, siasa basi, mpaka nife. Na mabango yangu mia mbili ya chaguzi tatu zilizopita yatoke kwenye banda la gari ili friza lake liingie. Friza hilo liko barazani tangu niliposhindwa mara ya kwanza. Nikaapa, mkono juu ya Biblia. Kwa nini nisiape? Nina mpango.

Pale maonyeshoni kuna ile meza yetu ya kila mwaka: mtu mmoja, punje moja. Unachukua punje ya mahindi kwenye bakuli, unaitumbukiza kwenye chupa ya mgombea wako. Si uchaguzi, ni mchezo. Lakini gazeti linaandika nani anaongoza, na wajumbe wanasoma gazeti. Watu humfuata anayeongoza kama ng'ombe wanavyofuata ndoo ya chumvi.

Jioni chupa ya Arlene ilikuwa imejaa kimo cha vidole viwili. Yangu punje tisa. Tatu nilitia mimi.

Jumanne, 22 Julai

Mahindi yangu yote niliuza Machi. Ghalani kumebaki nusu mfuko wa mbegu, ile ya kupanda, iliyopakwa dawa mpaka imekuwa ya waridi kama sikio la nguruwe. Ya mezani ni ya njano. Si kitu! Nikailoweka kwenye beseni la Verna, nikaisugua kwa brashi ya viatu. Maji yakawa ya waridi. Verna akauliza naosha nini. Nikasema miguu. Bwana anisamehe.

Muda wa kuanika haukuwepo. Nikamimina punje mbichimbichi kwenye boksi la bisi, juu nikaweka bisi za kuficha. Bi Corliss, mlinzi wa meza, ana miaka themanini na akila mchana husinzia. Alipoanza kukoroma nikamimina. Nikarudi mara mbili.

Usiku nikamshukuru Mungu kwa usingizi wa Bi Corliss.

Jumatano, 23 Julai

Gazetini: DELMAR AONGOZA! Nimelikata, nimelibandika kwenye friza.

Arlene kanipongeza mbele za watu. Akasema, "Shemeji, hongera jamani! Ila hao wapiga kura wako wanapita saa ngapi? Mbona siwaoni?" Nikamwambia wanaona haya.

Nikakaa kuchunguza siri yake. Hana siri. Hana hata karatasi! Linakuja jitu la miaka arobaini, ndevu mpaka kifuani, Brent Ubben muuza mbegu, linamkumbatia kama mtoto. Arlene anamwambia, "Wewe si ndiye ulikuwa unaficha maharage kwenye soksi?" Brent anacheka mpaka machozi. Kisha wote wanaanza kuzungumzia zile Jumatano za shule, Arlene alipowapikia mchuzi wa nyama na maharage, na mkate wa mdalasini wa kuchovya. Hakuna anayemuuliza kuhusu barabara wala madaraja.

Mimi nina hoja kumi na moja kuhusu makalvati, yale mabomba ya maji chini ya barabara, zimepigwa chapa. Nimegawa karatasi sitini. Moja nimeiona, mtu anafutia haradali.

Alhamisi, 24 Julai

Nimeamua kupima maoni ya umma kitaalamu. Nikajifungia kwenye banda la gari na orodha ya wajumbe, nikabana pua, nikawa Bwana Smith wa kampuni ya utafiti ya Chicago. Swali langu: je, ungempenda Delmar Roelfs zaidi ukijua hajawahi kukosa kanisani tangu ule mwaka wa mafuriko?

Wa kwanza akakata. Wa pili akasema anampenda Delmar sana lakini atampigia Arlene. Huyo nimemweka kundi la wasioamua.

Wa tatu alipokea mwanamke. Nikauliza swali langu lote kwa sauti ya puani. Akangoja nimalize, akasema, "Delmar, nakusikia kwenye simu na nakusikia kupitia ukuta wa banda."

Verna naye ni mjumbe. Namba ilikuwa ya nyumbani kwangu.

Nimekula chakula baridi. Nimesoma Zaburi mbili.

Ijumaa, 25 Julai

Ole wangu!

Nimefika maonyeshoni saa nne, nakuta watu wamezunguka meza. Nikajua ni mashabiki. Nikatabasamu, nikapenya. Chupa yangu imeota! Siku tatu za jua, kifuniko juu, punje zangu zilizolowa zimechipua mizizi myeupe kama ndevu za mzee, na majani mawili yamepenya kwenye tundu la kifuniko. Ya Arlene, kavu kabisa.

Bi Corliss akasema amelinda meza hii miaka ishirini, kura za kuchipua hajaziona. Brent Ubben akainua chupa juani, akakodoa. Akasema kwenye kitako cha punje bado kuna dawa ya waridi, na hiyo ni mbegu yake, mfuko alioniuzia Aprili. Kicheko! Nikasema huenda ni ishara kutoka juu.

Arlene angeweza kunimaliza palepale. Alinishika bega tu, akasema, "Jamani, mwacheni shemeji. Mwenzenu anaungwa mkono na watu wenye mizizi."

Bi Corliss akanikabidhi chupa. "Wapeleke nyumbani wapiga kura wako, wana kiu."

Jumamosi, 26 Julai

Mkutano umefanyika kwenye bwalo la shule. Bwalo la Arlene! Ukumbi mzima unanukia mdalasini. Nikahutubia makalvati. Wajumbe wanatazama dirisha la jikoni.

Arlene thelathini na nane. Mimi mbili.

Mbili! Moja ni yangu. Ya pili nikajua ni ya nani. Garini nikaushika mkono wa Verna, nikamshukuru. Akautoa mkono. Akasema, "Usinibane. Mimi nilimpigia dada."

Jioni Arlene kaja na mikate. Kasema kura ya pili ni yake. Kujipigia mwenyewe aliona aibu, na alifikiri Verna hataninyima, basi angalau nipate tatu. Nikala mikate minne. Lazima niseme kweli, mitamu.

Jumapili, 27 Julai

Mchungaji kahubiri unyenyekevu. Nimelia. Nimetubu kwelikweli, safari hii bila kufumbua jicho moja.

Mchana nimetoa mabango yote mia mbili. Friza limeingia. Verna akapanga nyama huku anaimba, akanibusu kwenye paji la uso. Ameniambia hajawahi kunipenda hivi. Moyo wangu umetulia. Siasa basi.

Jioni nikakaa nikapiga hesabu. Mpinzani wangu mwenyewe amenipigia kura. Mgombea gani wa Iowa anayeweza kusema hivyo? Kambi ya adui nimeshaiteka yote. Kilichobaki ni mke tu!

Na mwakani kiti cha msimamizi wa makaburi ya tarafa kitakuwa wazi. Niliapa kuacha siasa. Makaburi si siasa.

Zile punje sikuweza kuzitupa, ni viumbe vya Mungu. Nimezipanda kwenye ndoo, nimeiweka juu ya friza, karibu na dirisha. Mota inatoa joto, baridi ya Oktoba haitaziua. Zitazaa za njano, kavu, hazina dawa. Mwakani, kwenye chupa, hata Brent hatazijua.

Verna kaingia, kauliza ndoo ina nini. Nikasema maua.

Kauliza ya rangi gani. Nikasema ya njano.