Kibao cha Nyumba ya Mshonaji

Baraza la mji lilitangaza kwamba, kuanzia Jumatatu, vita vya ukombozi vitakumbukwa kwa utaratibu. Wapiganaji walikuwa wamepigana ovyo ovyo, bila fomu wala ramani iliyoidhinishwa. Sasa kila tukio lingepewa kibao cha jiwe, chenye namba na mshale.

Ndani ya wiki sita vibao kumi na vinane vilisimama. Kumi na saba vilimtaja marehemu baba yake Mkurugenzi wa Kumbukumbu: hapa alipanga mashambulizi, hapa alipumzika, hapa alipita akiwa na mawazo. Cha kumi na nane kilielekeza chooni.

Wageni wangekuja na magari, na magari yalihitaji pa kuegeshwa. Baraza likachagua nyumba ya bibi mmoja mshonaji, kwa kuwa haikuwa na thamani yoyote ya kihistoria. Akapewa siku thelathini ahame. Ni juu ya dari ya nyumba hiyo mama yake alipowaficha wapiganaji tisa, akichana mashuka kuwafunga majeraha, na yeye, msichana wa miaka minane, akiwapandishia maji.

Nyumba yenye kibao haibomolewi, basi bibi akaenda ofisini kuomba kibao. Karani wa dirishani, ambaye sare zake zote za shule zilishonwa na bibi huyo, akamsogezea fomu na kuinamisha kichwa.

"Bibi, bosi hasomi. Anatafuta jina la baba yake tu. Akiliona anagonga muhuri. Asipoliona, fomu inalala."

"Kwa hiyo nimwandike?"

"Kama alikuwepo."

"Alikuwepo," alisema bibi. "Tena alitangulia yeye."

Akaijaza fomu mwenyewe, kwa mwandiko ulionyooka kama pindo. Muhuri ukagongwa siku ya tatu. Fundi mawe akachonga neno kwa neno, maana kanuni ya nne inamkataza fundi kufikiri.

Siku ya uzinduzi maturubai yalifungwa, na wakubwa wa wizara wakaja. Mkurugenzi alieleza kwa nusu saa jinsi kijumba hiki kilivyobahatika kukanyagwa na baba yake. Kisha akavuta kitambaa, akasafisha koo, akasoma kwenye kipaza sauti:

"Katika nyumba hii mwanamke mshonaji aliwaficha wapiganaji tisa. Walikamatwa alfajiri, baada ya baba mzazi wa Mkurugenzi wa Kumbukumbu kuwaongoza askari wa mkoloni hadi mlangoni, akazawadiwa baiskeli."

Mdomo ulikuwa umeshafika kwenye baiskeli, akili ikiwa bado mlangoni.

Mkubwa wa wizara akauliza nani aliidhinisha maneno haya. Karani akamwonyesha fomu, na muhuri wa Mkurugenzi ukiwa bado unang'aa. Mkurugenzi akashusha kipaza sauti.

Bibi alikuwa amekaa safu ya mbele, mikono mapajani.

"Malizia, mwanangu," alisema. "Chini hapo kuna majina tisa."

Mkurugenzi akayasoma. Moja moja, watu wote wakiwa wamesimama.