Kopo Ndani ya Boksi la Saa

Jumatatu, 4 Machi
Kitindamimba wangu, miaka saba, analalamika tumbo tena. Wiki ya tatu sasa. Linauma chini ya kifua, anacheua, chakula anakisukuma pembeni. Shemeji, dada wa mke wangu, muuguzi, kasema apelekwe hospitali. Huyo naye kila kitu anakijua! Nimemjibu kwamba fundi anayefungua saa ndogo kama kucha hashindwi na tumbo. Mtoto anakwepa mtihani wa hesabu. Kesho namnasa.

Jumanne, 5 Machi
Nimemkalisha karakanani, nikamtangazia kwamba mtihani umefutwa. Uongo mtupu. Nikamtegea biskuti za chokoleti. Mgonjwa wa kujisingizia angezifakamia! Hakugusa hata moja. Akatapika. Juu ya saa ya Mwalimu Mkuu, nami nimeifungua wazi! Halafu akaniuliza kama nimemkasirikia. Nikambeba mgongoni mpaka hospitali, mbio, aproni kiunoni. Daktari anashuku bakteria wa tumboni. Anataka choo cha mtoto kikapimwe. Na cha wazazi pia, maana nilicheua mbele yake.

Jumatano, 6 Machi
Mama na mtoto wamepeleka makopo yao bila makeke. Mimi, mtu na heshima zangu, nipite barabarani na kopo? Thubutu! Nimelificha kwenye boksi la saa, lile la mahameli. Akili nyingi! Nikaenda kunawa mikono. Kurudi, boksi halipo. Mke wangu kasema Mwalimu Mkuu alipita kuchukua saa yake, naye akampa boksi.

Alhamisi, 7 Machi
Mwalimu Mkuu amerudisha boksi. Kalishika kwa vidole viwili, mkono kaunyoosha kama kabeba nyoka. Shemeji alikuwepo. Alikaa chini, akacheka mpaka machozi. Nimepeleka kopo jipya. Mkononi. Mchana kweupe.

Jumamosi, 9 Machi
Majibu yametoka. Mke wangu salama. Mimi na mtoto tunao. Daktari kauliza nani huonja chakula cha mtoto kwa kijiko chake. Macho yote kwangu! Dawa siku kumi na nne, sote wawili, bila kuruka hata siku moja. Kitindamimba anameza bila kukunja uso. Mimi ananibembeleza: “Baba, fumba macho, meza.”

Jumamosi, 23 Machi
Dawa ziliisha jana. Tutapimwa tena baada ya mwezi. Leo Kitindamimba kamaliza sahani mbili, kaomba ya tatu. Machozi yalinitoka, nikasingizia vitunguu. Hakuna aliyekuwa anakata vitunguu.

Jioni kapita jirani, seremala, na mwanawe. Sikio linamuuma mtoto siku ya nne, wanakwenda hospitali. Nimewazuia mlangoni. Nimemweleza kwamba sikio na saa ni mamoja: tundu dogo, vitu vidogo ndani. Nikamkalisha mtoto chini ya taa. Shemeji kaninyang'anya bisibisi.

Wivu tu!