Babu wa Kukodi

Angelo hakuwahi kuiba kitu cha mtu. Watu walimpa wenyewe, kwa mikono miwili, wakamshukuru, halafu wakagundua baadaye. Kwa sababu hiyo alijihesabu miongoni mwa waaminifu, na kila Jumapili alipita mbele ya kanisa kuu la Ediofe kichwa juu.

Siku aliyomkuta Bwana Anguyo akilalamika kwenye kibanda cha chai kule mtaa wa Oli, alijua riziki imebisha hodi. Anguyo alikuwa na maduka mawili ya mabati na simenti mjini Arua, na tumbo lililomtangulia kila alikokwenda. Ada ya chuo angeilipa bila kutokwa jasho. Lakini Chuo Kikuu cha Enyau kilikuwa kimetangaza ufadhili wa daraja la juu, masomo na chumba na chakula bure mpaka mwisho, kwa mwanafunzi mmoja aliye bora katika kila wilaya. Na tajiri akisikia neno bure, hushikwa na njaa kuliko maskini.

"Kenneth yangu amepita vizuri," Anguyo alikuwa akimwambia muuza chai. "Lakini hapa Arua iko watoto wanasoma hata wakilala. Iko wengi mbele yake. Kama angekuwa mutu ya Koboko, angekuwa namba moja."

Angelo akasogeza kiti chake. "Mzee, samahani. Taabu yako si alama. Taabu yako ni babu."

"Babu namna gani?"

"Kenneth iko na babu ya Arua. Yeye natafuta babu ya Koboko. Mimi iko naye, nakodisha."

Haikuwa kazi rahisi kama inavyosikika. Wakubwa wa chuo nao hawakulala. Walikwisha kuchoka na watoto wa mjini wanaozaliwa upya kila mwaka katika wilaya yenye ushindani mdogo, kwa hiyo kamati ilikwenda yenyewe kila wilaya, ikakaa ukumbini mbele ya watu, na kila mwombaji akaja na mkuu wa nyumba yao na baba mdogo mmoja, waape kwamba huyu ni damu yao. Tena kulikuwa na sharti lililojulikana na kila mtu: nyumba moja, mtoto mmoja. Nyumba ikiwa na waombaji wawili, mkuu wake huchagua papo hapo, na yule mwingine anarudi shambani.

Angelo alikwisha kupanga yote kabla chai haijapoa. Koboko, wilaya ndogo ya mpakani, alikuwako Mzee Sulaimani, sajini mstaafu. Mwanawe mmoja, Tongun, alikwenda kwenye uaskari ng'ambo ya mpaka akafia huko, wala hakuna aliyejua aliacha nini. Marehemu habishi. Kenneth angekuwa mtoto wa Tongun, na Anguyo angekuwa mtu mwema tu aliyemkuta mama akiwa na mtoto mgongoni.

"Mimi niseme mbele ya watu mutoto yangu si yangu?" Anguyo akang'aka.

"Asubuhi moja tu, mzee. Jioni unamurudisha."

"Na mama yake je?"

"Mama hapana lazima ajue."

Anguyo akamfikiria mkewe, Natalina, ambaye aliwahi kumfukuza mkusanya ushuru kwa mwiko mpaka barabarani. Halafu akafikiria neno bure. Bure likashinda, bahasha ikabadili mikono.

Angelo alikuwa na sababu nyingine ya kumchagua Sulaimani. Mzee huyo alikuwa na mjukuu, Zam, mwanamke mzima aliyejitegemea kwa kuuza vitenge sokoni Koboko, na Angelo alimpenda kwa moyo wake wote. Jambo hilo lilimsumbua, maana ukweli hakuuzoea. Mbuzi wa kwanza wa mahari alikwisha kuwapeleka, na Sulaimani aliwapokea, kwa kuwa askari hakatai posho. Bahasha ya Anguyo ingemalizia mahari iliyobaki. Zam peke yake ndiye aliyekuwa hajataja siku ya harusi. Alisema tu, "Ngoja kwanza, iko kitu mimi nangoja." Angelo alidhani anangoja mzigo wa vitenge kutoka Kongo.

Alimkuta Sulaimani uani akitengeneza kandambili kwa waya. Akamweleza habari yote, akamwekea sukari na blanketi jipya kama utangulizi. Mzee hakugusa blanketi.

"Hiyo kijana," akauliza, "alama yake namna gani?"

Angelo akazitaja kwa fahari kana kwamba ni zake.

Sulaimani akauzungusha waya mara mbili. "Hiyo alama iko kubwa. Koboko yote hapana iko mutoto atapita yeye." Akaiweka kandambili chini. "Leta yeye hapa kwangu. Usipeleke yeye nyumba ingine. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

"Na baba mdogo?"

"Nitakodi mtu."

"Mutu ya kukodi atasahau maneno. Wewe iko na mdomo. Simama wewe."

Angelo akaona mzee ana akili. Kwa nini agawe chakula na mgeni ilhali yeye mwenyewe ana njaa? Akamtoza Anguyo gharama ya baba mdogo, akajilipa.

Siku ya kamati ukumbi wa Koboko ulijaa hadi madirishani, ambako waendesha boda walikuwa wamening'inia. Wazee wa ukoo wa Sulaimani walikaa mstari wa mbele. Mwenyekiti, Madamu Viktoria kutoka chuoni, aliamua kusema Kiswahili, kwa kuwa lugha nyingine zote zilikuwa zimeanza kugombana.

Anguyo akaapa kwanza. "Mimi nilikuta mama na hii mutoto mgongoni," akasema, huku jasho likimtiririka. "Nimelea tu." Kenneth, kijana mpole mwenye miwani, alimtazama baba yake kama mtu anayesikia habari mpya.

Kisha akasimama Angelo, na hapo, kwa haki, lazima tumpe sifa yake. Alisema vizuri kuliko ilivyohitajika. Alimsimulia Tongun akiwa mdogo, akiogelea, akiiba miwa. "Mimi na marehemu tumenyonya ziwa moja!" akalia, na machozi ya kweli yakamtoka, maana hadithi ilikuwa imemshika na yeye. "Sulaimani ndiye baba yangu. Nyumba yake ndiyo nyumba yangu. Nikisema uongo, Mungu anione!" Akina mama wakajipangusa macho kwa ncha za leso. Mwendesha boda mmoja alikaribia kuanguka kutoka dirishani.

"Mzee Sulaimani," akauliza Madamu Viktoria, "unakubali?"

Sulaimani akasimama kijeshi. "Mama, mimi hapana sema mingi. Hawa wameapa mbele ya Mungu na mbele ya ukoo. Watoto wanarudi nyumbani, mimi nitafukuza? Nimepokea. Wote wawili, mwana na mjukuu."

Wazee wa ukoo wakaitikia kwa pamoja. Angelo akainama kwa heshima, moyoni akihesabu siku za harusi.

"Vizuri," akasema Madamu Viktoria. "Basi nyumba ya Sulaimani ina waombaji wawili. Zam yuko wapi?"

Zam akasimama nyuma ya ukumbi, blauzi nyeupe imepigwa pasi. Angelo akatabasamu, alidhani amemletea chakula. Ndipo alipokumbuka vitabu alivyozoea kuviona chini ya vitenge vyake, ambavyo siku zote alidhani ni karatasi za kufungia. Zam alikuwa amerudia mtihani. Katika watoto wote wa Koboko waliozaliwa huko mara moja tu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza.

"Mzee, chagua," akasema Madamu.

"Kenneth iko mjukuu yangu," akasema Sulaimani taratibu. "Mimi napenda yeye tangu asubuhi. Lakini Zam iko mkubwa. Zam aende."

Anguyo akaruka kitini. "Hapana! Hii mutoto iko yangu! Mimi nimezaa!"

"Bwana, si umeapa sasa hivi kwamba ulimkuta mgongoni?" akauliza Madamu Viktoria. Askari aliyekuwa mlangoni akasogea hatua moja, kwa adabu.

Anguyo akakaa. Ukumbi ukacheka mpaka mabati yakalia. Habari nayo haikungoja gari. Ilitangulia Arua kwa simu, na kabla ya adhuhuri simu ya Anguyo ikaita. Akalitazama jina la Natalina likiwaka, akaizima. Kwanza alimtafuta Angelo, akamkamata ukosi wa shati, akachukua bahasha yake yote. Kisha akaondoka na Kenneth, ambaye njia nzima alimuuliza swali moja: baba yake ni nani.

Angelo akamfuata Sulaimani nje. "Mzee, umenimaliza."

"Nimemaliza wewe namna gani? Ungepeleka hiyo kijana nyumba ingine, angepita Zam kwa alama. Mimi nikaona afadhali akae kwangu."

Angelo alikuwa mchezaji, na mchezaji huheshimu mchezo. Akacheka kidogo. "Sawa, baba mkwe. Pesa imekwenda. Nitatafuta ingine. Harusi bado iko."

"Harusi na nani?"

"Na Zam."

Wazee wa ukoo waliokuwa wakitoka naye wakasimama wote. Sulaimani akamwekea mkono begani, na sura yake ilikuwa na huzuni ya baba kabisa. "Mwanangu, Zam iko mutoto ya kaka yako. Sisi hapana oana nyumba moja. Hiyo ni haramu hata kutaja."

"Lakini unajua nilidanganya!"

"Rudi ndani, sema hiyo kwa mama Viktoria. Askari bado iko mlangoni."

Angelo akafungua mdomo ule uliomlisha miaka yote.

"Na mbuzi?" akauliza.

"Mbuzi iko nyumbani. Na wewe iko nyumbani."

Zam akatoka ukumbini. Angelo aliumia, na safari hii hakuigiza. Akamvuta kando, akamuuliza bila maneno matamu, "Zam, ulinipenda hata kidogo?"

"Nilipenda," akasema Zam, na macho yake yalikuwa na maji. "Ningekuambia ungoje nisome, na ungengoja. Lakini ulileta mutu achukue nafasi yangu. Mimi nilisema iko kitu nangoja, na wewe hapana uliza ni kitu gani." Akajipangusa, akapiga goti kidogo mbele ya wazee wote, kama binti anavyomsalimu baba. "Baba mdogo, chuo natoa chumba na chakula. Godoro hapana."

Wazee wakamtazama Angelo. Angelo akaupapasa mfuko wake, zilikuwamo noti zake mwenyewe chache. Halafu akashuka sokoni, akaingia kwenye duka la kwanza, akaonyesha godoro nene kuliko yote. Mwenye duka akamwangalia usoni, akataja bei wanayotajiwa wageni. Angelo akalipa bila kubishana.

"Iko ya nani?" akauliza mwenye duka, akilifunga kamba.

"Ya mutoto ya kaka yangu," akasema Angelo. "Anakwenda chuo kikuu." Akalibeba kichwani.