Gari la Marehemu Hakimu

Asali aliliona gari kabla hajamwona mwenye nyumba. Pembe ya turubai ilikuwa imefunuka, na chini yake ilichungulia taa moja ya mviringo na kipande cha boneti ndefu ya kijani. Gari la michezo la Kiingereza, la viti viwili, la enzi hizo. Udenda ukamtoka. Alikuwa ameitwa kurekebisha pampu ya maji, lakini pampu aliisahau papo hapo.

Ieleweke kwamba Asali alijiita fundi. Kujiita si kosa. Ujuzi wake wote ulikuwa ulimini, na mikono aliitumia zaidi kulia chakula.

Mwenye gari alikuwa mjane wa hakimu, bibi mkavu wa maneno, akiishi na shemeji yake, karani mstaafu ambaye hata orodha ya sokoni aliigonga muhuri.

"Mama, hili linatembea?"

"Marehemu alilala chini yake kila Jumamosi, miaka ishirini," mjane alijibu. "Likivuja oili alifurahi, maana yake oili bado imo. Mara moja kwa mwaka liliwaka. Tulizunguka mtaa, watu wakitupungia, kisha tukarudi tukilisukuma. Siku hiyo alikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yetu. Mimi nililichukia."

"Niachie nilipime, mama yangu."

Asali akafungua boneti, akageuza mgongo, akachomoa rota, kidude kisichozidi kidole gumba, ambacho kikikosekana plagi hazipati moto. Akakitia mfukoni. Kuipima injini kwenyewe hakukuwezekana: nati za Waingereza wale zilipimwa kwa inchi, na spana zake zote zilikuwa za milimita. Ya kumi na mbili haikuingia, ya kumi na tatu ilizunguka bure. Hakujisumbua. Mwongo ana haja gani ya kupima?

Akapiga starta. Injini ikazunguka, ikagoma kuwaka. Asali akavua kofia kama mtu aliyefika msibani.

"Pole, mama. Bloku ya injini imepasuka."

"Una hakika?"

"Injini huniambia zenyewe! Imepasuka ubavuni, maji yanaingia kwenye oili. Hili si gari tena, ni chuma chakavu. Ila nimekuonea huruma. Wewe chukua pikapu yangu, mimi nikubebee huu mzoga."

Pikapu ile ndiyo iliyomlisha yeye, mke na mama mkwe, kwa kubeba mizigo ya watu. Lakini mjini palikuwa na daktari wa meno, mwendawazimu wa magari ya aina hiyo, ambaye kwa hili angetoa bei ya pikapu tatu bila kupepesa jicho.

 Macho yakamlegea mjane. "Shemeji," akasema, "hebu andika."

Karani akaandika yote: bloku imepasuka, fundi amekagua mwenyewe, amelichukua gari kama lilivyo, hakuna kurudishiana. Asali akasaini kwa mbwembwe, na mkia wa sahihi ukavuka ukingo wa karatasi.

Pikapu ikabaki uani kwa mjane, gari likaburutwa hadi karakana ya Asali. Asali akairudisha rota, akajaza maji, akapiga starta. Likanguruma! Akacheka peke yake kama chizi. Kwa mitaa miwili alikuwa mfalme: paa wazi, mkono mmoja kwenye usukani, akiwapungia watu wasiomjua. Alisahau hata daktari wa meno. Mtaa wa tatu mvuke ukafuka, gari likazima mbele ya kliniki yenyewe. Akachomoa kijiti cha oili. Kikatoka na kitu kama chai ya maziwa: oili na maji pamoja. Daktari, aliyeahidiwa gari hilo na kulisubiri kibarazani, alikitazama kile kijiti, akarudi kwa wagonjwa wake bila kuaga.

Asali alifika kwa mjane kwa miguu, akihema.

"Mama, umenitapeli! Bloku imepasuka!"

"Si ndivyo ulivyosema?"

"Nilisema, lakini..."

"Lakini nini?" akauliza shemeji, akitafuta kalamu.

 Neno la kweli lililohitajika pale lilikuwa moja tu, nalo ni la kumpeleka Asali polisi.

"Tangu mume wangu afariki wamepita mafundi saba," mjane alisema kwa upole. "Marehemu aliniachia habari kwamba bloku imepasuka, lakini wote waliniapia ni nzima. Badilisha hiki, lete kile, wakanila mpaka mifupa. Nikasema, atakayeniambia ukweli, huyo nitampa gari. Wewe ndiye fundi mkweli pekee niliyemwona, mwanangu. Sasa sogea kidogo, nataka kutoa pikapu."