Mimi, Wifi na Ukoo wa Galaksi

Jumatatu, 3 Juni

Mkamwana, andika. Safari hii ukuta ni wangu. Ukuta wa ukumbi wa chama chetu cha watazama nyota, nausema huo, si huu wa jikoni unaovuja. Jumamosi mwalimu wa jiografia anachagua picha moja, inatundikwa mwaka mzima. Mwaka jana alitundika ya Wifi, dada wa marehemu mume wangu. Mwezi mtupu. Mwezi hata mbuzi anauona.

Mimi napiga ukoo wa galaksi. Galaksi moja ni mji mzima wa nyota, na hizi zimekaa mamia pamoja, kama ndugu waliosikia kuna urithi. Ziko mbali mpaka akili inachoka njiani. Zinataka giza totoro, na taa ya muuza duka hapo mbele ni jua lililokosa adabu. Nikamwendea, nikamwambia taa yake inamletea wadudu kwenye unga. Akanishukuru, akaizima. Nimerudi nacheka peke yangu.

Jumanne, 4 Juni

Muuza duka ameweka taa mpya ya kuulia wadudu. Kubwa, ya buluu. Kaniita nikaione, eti wazo ni langu.

Basi twende shambani kwa shemeji, nyuma ya vilima, kusikokuwa na hata balbu. Mwenye gari nani? Wifi. Mnyonge hana haki, nikaenda kuomba lifti. Kaniuliza kama goti langu litaviweza vilima. Nikamjibu litaviweza, mradi mdomo wake ubaki nyumbani.

Alhamisi, 6 Juni

Jana usiku shambani wewe mkamwana ulikuwepo, lakini andika tu. Nyota zimemwagika kama mchele. Nikamdokeza Wifi kwamba siku hizi wataalamu wote wanapiga upande wa kaskazini, chini chini, kule kwenye miti. Nilitaka apige miti. Akasema asante wifi yangu, akaigeuza kamera juu, pale pale nilipoielekeza yangu.

Hapana neno. Leo mkamwana amezipanga picha zetu kwenye kompyuta, moja juu ya nyingine, maana moja peke yake haioni kitu. Zikiwa nyingi ndipo vya mbali vinajitokeza. Vikajitokeza! Vidoa vya ukungu, hapa kimoja, pale vitatu, kila kimoja mji. Nilipiga vigelegele mpaka muuza duka akaja kuuliza nani anaolewa.

Ijumaa, 7 Juni

Picha nzuri, ila miji yangu kukaa kama vidoa, jamani. Mtu haendi kwa watu na nguo yenye madoa. Nikaipeleka studio, kwa yule kijana wa picha za vitambulisho na maharusi. Nikamwambia mwanangu, isafishe, ing'arishe. Akasema bibi, niachie mimi. Nilimpendea hilo, hana maswali. Imetoka inameta kama sakafu ya benki. Mkamwana alikuwa kazini, sikumngoja. Nikaitia kwenye fremu pale pale.

Jumamosi, 8 Juni

Mwalimu aliisogelea picha yangu mpaka pua ikagusa kioo. Akarudi nyuma. Akavua miwani. Akaniuliza kwa upole, mama, galaksi ziko wapi. Nikamwambia aangalie vizuri. Nikaangalia na mimi. Nyota tupu, zinang'aa kama meno ya bandia. Yule kijana kazi yake ni kuwatoa maharusi chunusi. Alipoona vidoa, kavifuta vyote.

Wifi alicheka mpaka akashika meza. Akasema wifi yangu, watu hugombana na ukoo, wewe umeumaliza wote kwa siku moja. Yake ina ukoo ule ule, haikosi hata kidoa. Nikaomba nikimbie nyumbani nilete ile ya mwanzo. Mwalimu akasema iliyoletwa ndiyo iliyoletwa. Ya Wifi ikapanda ukutani. Na ngazi nimeishika mimi.

Jumapili, 9 Juni

Mkamwana kanifungulia ile ya mwanzo. Ukoo wote umo, hakuna aliyekufa. Anasema mwakani tuipeleke kama ilivyo, mkono wa mtu usiiguse. Nimemwambia kweli kabisa, nimekoma.

Ina kasoro moja tu: giza limezidi. Galaksi nzuri hivyo, nyuma yake weusi mtupu kama sufuria iliyoungua. Kesho naenda kwa mchora mabango ya maduka, anipakie hapo nyuma rangi ya asubuhi.

Mkamwana, mbona huandiki?