Kabeji za Kuita Mvua

Jumatatu, 24 Machi 2025
Nimesoma jambo kuu kitabuni. Vimea vidogo vya baharini hutoa gesi ya salfa. Gesi hugeuka chembe, mvuke hushika chembe, wingu hilo! Harufu ya bahari niliyoiacha Likoni, pwani, tulipofukuzwa kwenye ghasia za mwaka 1997 ni gesi hiyo hiyo. Kabeji ikichemshwa huitoa pia. Hapa Yamumbi, bara, bahari hatuna. Kabeji tunazo.

Jumanne, 25 Machi
Mahindi yangu yako ardhini tangu wiki jana. Nilipanda kwenye udongo mkavu. Mvua isipofika kufikia Jumamosi mbegu imekwisha, na nyingine sina. Jirani Kipkemboi, ambaye hajapanda, aliinama juu ya ua: "Mzee Mbuthia, hiyo kitabu yako imeandika itanyesha lini?" Nimeazima sufuria kubwa ya akina mama wa kanisa. Nyakio, mke wangu, yuko Kesses kwa binti yetu hadi Alhamisi. Bahati!

Jumatano, 26 Machi
Kabeji thelathini motoni tangu alfajiri. Harufu hiyo! Nimefunga macho, nikawa ufukweni, mwenye umri wa miaka arobaini na tano tena.
Nilipofumbua, Esther, mke wa Kipkemboi, alikuwa langoni akilia. Sufuria ya kanisa, kabeji, moshi asubuhi: mtaa mzima ulijua maana yake. Matanga! Kufikia saa nne walikuwa wameleta viti, unga na sukari. Nilisema hakuna aliyekufa. Wakanong'onezana kwamba huzuni imenichanganya. Nyakio haonekani tangu Jumapili, simu yake imezimwa. Kipkemboi akavua kofia, akanishika mkono.
"Pole, Mzee. Mama alikuwa mtu mzuri. Alikuvumilia."

Alhamisi, 27 Machi
Nyakio ameshuka kwenye boda katikati ya matanga yake. Nusu ya waombolezaji waliruka ua. Akauliza nani amekufa. Akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akasema bado hajaamua kama ni mimi.
Ndipo likaanguka tone. Kisha mbingu nzima! Nimecheza kwenye matope nikiita salfa, salfa. Kipkemboi ameeleza kila mtu kwamba mvua huja wiki ya mwisho ya Machi kila mwaka. Wivu.

Jumamosi, 5 Aprili
Mahindi yamechipuka, mistari minyoofu kama ya daftari. Sufuria imesuguliwa mara nne na bado inanuka bahari. Nyakio amenitaka nikiri kosa mbele ya mchungaji. Nimekiri, kwa unyenyekevu: kabeji ilikuwa kosa. Kitunguu saumu kina salfa zaidi.
Nimeagiza magunia mawili. Safari hii nitatangaza kanisani mapema kwamba Nyakio yu hai.