Tovuti Yangu na Kadi za Mama Salvina

Jumatatu, 2 Julai 2007

Baridi. Hapa Moshi mlima haujaonekana tangu wiki iliyopita. Barua ya kamati imefika: Mama Salvina, mkutubi mkuu wetu, anastaafu mwisho wa mwezi. Kiti chake kitakwenda kwa mmoja kati ya wawili. Mimi, Rogath, miaka kumi na tisa katika maktaba hii, kifua kimejaa vumbi la vitabu. Au Gladness, miaka mitatu na cheti cha kompyuta. Ijumaa ya tarehe kumi na tatu, mwenyekiti, Mzee Mohan, atakuja kuiona tovuti yetu mpya kabla haijapandishwa kwenye intaneti. Atakayeng'ara siku hiyo ndiye mkutubi mkuu. Hilo halijaandikwa, lakini najua kusoma barua.

Tovuti imejengwa kwa programu huria, zile ambazo hununui. Unachukua, unapanga utakavyo. Gladness ndiye aliyeileta kwenye sidii. Gladness ndiye aliyechapa vitabu vyote 3,112, miezi miwili, hata saa ya chakula. Lakini nani alikuwa anamsomea kadi za vitabu, zile za droo za Mama Salvina? Mimi! Leo nimeandika jina langu ukurasa wa mbele. Herufi nyekundu.

Jumanne, 3 Julai

Jina limefutwa. Gladness amesema tovuti ni ya maktaba, si ya mtu. Akatanguliza shikamoo. Msichana wa miaka ishirini na saba kuniamkia mimi shikamoo mbele ya wasomaji! Alifanya makusudi.

Kisha akaomba flashi ili atoe nakala ya kazi yote, kwa sababu kila kitu kimo kwenye kompyuta moja na kompyuta ni chuma tu. Nakala ya nini? Nimeelewa haraka: aipeleke nyumbani kwa Mzee Mohan, amwonyeshe akiwa peke yake. Wakati ameenda kunywa chai nimebadilisha neno la siri. Sasa anayeweza kuingia ni mmoja.

Alhamisi, 5 Julai

Gladness amenishtaki. Mama Salvina ameniita. Nikamwambia neno la siri ni suala la usalama, mambo ya kitaalamu. Akaniamini. Akasema Rogath anajua anachofanya. Sijui kwa nini mtori wa mchana haukushuka vizuri.

Baadaye aibu. Mwalimu Filemon, mstaafu wa Masama, amekuja na utomvu wa migomba kwenye viatu, anataka kitabu cha magonjwa ya kahawa. Nikamwambia asubiri aone maajabu. Umeme ukakatika. Tukakaa tunaitazama kompyuta nyeusi, mimi na yeye. Mama Salvina akavuta droo moja, akachomoa kadi, akampa kitabu. Hata dakika haikuisha. Mwalimu akasema kadi hizi ni mali.

Hapo ndipo nilipouona ugonjwa. Kadi zikiwepo, nani ataona haja ya tovuti? Na bila tovuti, nani ataniona mimi?

Jumamosi, 7 Julai

Sabasaba. Maktaba imefungwa, ufunguo ninao. Nimebeba droo ishirini na nne hadi uani na kuchoma kadi zote.

Kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Manyunyu hayakukoma. Kadi nene, zenye unyevu, zinatoa moshi tu. Jirani alipiga kelele kuhusu nguo zake kwenye kamba, nikamwambia ni shughuli za kiofisi.

Nikiwa nachochea, nikaona nyuma ya kadi moja maandishi ya penseli. Ya Mama Salvina, yale madogo yanayolala upande. "Kurasa 40 hadi 42 hazipo. Mwulize Mwalimu Filemon, anazijua kwa kichwa." Nyingine: "Usimpe mtu mwenye msiba." Haya hatukuyachapa. Nilikuwa namsomea Gladness upande wa mbele tu. Nikasoma ya tatu. Ya nne nikaacha kusoma, ili kazi iende.

Jumatatu, 9 Julai

Mama Salvina alifika saa mbili kasoro, akasimama mbele ya kabati lisilo na droo. Akaniuliza kadi ziko wapi. Nikasema mchwa. Akauliza kama mchwa wamebeba na droo. Droo! Nilizisahau uani, zimejaa maji ya mvua.

Ikabidi nieleze: maendeleo, karne mpya, kila kitu kimo kwenye kompyuta, yeye mwenyewe angenishukuru. Nilieleza muda mrefu. Aliponiona nimemaliza akasema, "Rogath, uliniuliza?"

Nikasema hapana.

"Nilianza kuziandika mwaka themanini na moja. Nikiwa na mimba ya Hosea."

Basi. Hakugomba. Alikwenda kukaa kwenye kiti chake akaanza kusafisha miwani, na akaendelea kuisafisha mpaka nikatoka nje. Gladness hanisemeshi. Hata shikamoo sipati.

Jumatano, 11 Julai

Siku mbili zimebaki. Ukurasa wa mbele umepauka. Nataka picha ya mlima, kengele za Krismasi zikiwezekana, na namba inayohesabu wageni. Nimesoma maelekezo ya programu. Yamejaa maneno, lakini mtu mwenye uzoefu anaokota la maana. Nikaona mahali pa kusakinisha upya. Upya! Ndicho nilichotaka.

Ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Ikaniuliza tena. Ndiyo. Mara ya tatu nikakasirika, maana hata mke wangu hanihoji hivyo.

Ikazunguka, ikazunguka, ikafunguka. Safi! Nyeupe kama kanzu ya Komunio ya Kwanza. Chini kabisa imeandikwa: Vitabu, 0.

Nimeizima na kuiwasha mara kumi na moja. Sifuri.

Alhamisi, 12 Julai

Nimemweleza Gladness habari za rafiki yangu wa Arusha aliyesakinisha upya kwa bahati mbaya. Akauliza kama rafiki huyo ana nakala. Nikasema hana. Akauliza kwa nini hana. Nikatazama dirishani.

Akatoka. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Nilitegemea matusi, hata nilikuwa nimeandaa majibu. Akasema tu, "Kaka Rogath, andika hilo neno la siri hapa." Nikaandika. Akaanza kuchapa vitabu kutoka rafuni, kimoja kimoja, mimi nikimsomea majina kwenye migongo ya vitabu. Hadi jioni, sitini na moja. Nikamwambia mgeni hawezi kujua vingine havipo. Akachukua mkoba wake akaenda nyumbani.

Ijumaa, 13 Julai

Mzee Mohan amekuja na wajumbe wawili na fimbo yake. Nikamkaribisha mbele ya kompyuta, nikamwomba atafute kitabu chochote. Nilitumaini mojawapo ya vile sitini na moja.

Akatafuta kitabu cha Kigujarati alichokitoa zawadi baba yake siku maktaba inafunguliwa. Hakuna. Akajaribu kingine. Hakuna. Akajaribu Biblia. Hakuna! Wajumbe wakakohoa. Mzee akageuka: "Basi mama, nifungulie droo."

Mama Salvina alikuwa na nafasi ya kunimaliza pale pale, kwa sentensi moja. Akasema, "Droo hatuna tena, mzee. Lakini kitabu kipo." Akatembea polepole hadi rafu ya mwisho karibu na dirisha, akapapasa, maana macho yake siku hizi si mazuri, akakitoa bila kusoma jina. Mzee Mohan alikishika kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na wewe ukiondoka, mama, nani atajua?"

Nilikuwa na mawazo, lakini nikaanza kuzima kompyuta.

Jumatatu, 16 Julai

Gladness ndiye mkutubi mkuu. Mimi napelekwa Marangu, kwenye chumba cha kusomea cha parokia. Mama Salvina ameomba abaki bila mshahara hadi kadi ziandikwe upya. Yeye anataja, Gladness anaandika na kuchapa. Leo wamefika kadi ya tisa. Kwa mwendo huo watamaliza mwakani, na macho yake sidhani yatasubiri.

Nilijitolea kuwabebea vitabu. Mama Salvina akasema, "Pumzika, mwanangu." Aliniita mwanangu kama siku zote. Nimelia chooni, lakini kidogo.

Jumatano, 1 Agosti

Marangu. Baridi kuliko mjini, ukungu hadi mlangoni. Vitabu 214. Mtunzaji ni dada mmoja, Elinipendo. Kila kitu kimo kwenye daftari moja la jalada gumu: nani kaazima, lini, kitabu gani kina kurasa zilizochanika. Miaka kumi na mbili ya mwandiko wake. Mambo ya kale kabisa!

Nimetafakari sana yaliyotokea Moshi, na nimegundua kosa: kulikuwa na watu wengi mno. Hapa niko mwenyewe. Nimeshamwandikia Padri kuomba kompyuta. Sidii ninayo.

Elinipendo ameuliza, kompyuta ikija, daftari litakaa wapi. Nimemwambia asihangaike, nitalitunza mimi. Amefurahi sana. Amenikabidhi kwa mikono miwili.